Mbegu, Shamba na Yai: Namna Seli za Uzazi wa Binadamu Zinavyoundwa na Kupevuka, kwa Mfano wa Selimundu Kando ya Ziwa

Waluo wa Migori na Homa Bay wana desturi iitwayo golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Mvua za masika zinapoanza, mke mkubwa ndiye anayetoa mbegu na kupanda kwanza. Wake wadogo hungoja, kisha wana waliooa hufuata kwa zamu ya kuzaliwa kwao. Anayeruka zamu huaminiwa kuwa ameleta chira, yale madhara yanayompata mtu au uzao wake kwa kukiuka mwiko. Neno kodhi lenyewe hutumika kwa mbegu ya shambani na kwa uzao wa watu, kama vile neno mbegu linavyotumika katika Kiswahili. Naanza na desturi hii kwa sababu ndiyo iliyotumiwa kumhukumu mke mdogo wa baba yangu mdogo.

Mama huyo, ambaye sitamtaja jina, alizaa watoto wanne upande wa Migori. Wawili kati yao walianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla ya kutimiza mwaka. Walilia usiku kwa maumivu ya mifupa, na weupe wa macho yao ukageuka manjano. Mmoja alifariki akiwa na umri wa miaka mitatu. Ikasemwa kwamba mama yao alipanda mahindi kabla ya mke mkubwa. Hoja iliyofunga kesi ilikuwa nyepesi, na hatuna budi kukiri kwamba ilikuwa na mantiki yake: mke mkubwa alikuwa na watoto sita wenye afya, tena kwa mume yuleyule. Basi mbegu ni njema; shamba ndilo bovu. Akarudishwa kwao.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi seli za uzazi wa binadamu zinavyoundwa na kupevuka, na jinsi maelezo hayo yanavyoitazama hukumu ile. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika somo la biolojia. Jibu langu ni kwamba hukumu yenyewe ilisimama juu ya sitiari, na kuchunguza sitiari ni kazi yetu.

Tuanze, basi, na sitiari ya mbegu na shamba. Katika sitiari hii mwanamume huleta mbegu iliyokamilika, na mwanamke hutoa udongo wa kuistawisha tu. Lakini hebu tulitazame shamba la mahindi la kweli, la Awendo au la Ndhiwa. Punje ya hindi inayotiwa ardhini tayari ina kiinitete ndani yake. Kabla ya kuwapo punje hiyo, lile shada la juu ya mhindi lilimwaga chavua, ambayo ndiyo ya kiume. Chini yake, katika gunzi changa, kulikuwa na vijiyai vya kike, kila kimoja na uzi wake mrefu. Nyuzi hizo ndizo tunazoziita ndevu za hindi. Chavua ikiangukia uzi, huteremsha seli za kiume hadi kwenye kijiyai, na hapo ndipo punje inapoanza. Uzi uliokosa chavua huacha pengo katika gunzi, na kila aliyewahi kumenya mahindi amekwisha kuliona pengo hilo. Hivyo mbegu ya shambani ni zao la wawili waliokwisha kuungana. Kinacholingana na kile tunachokiita mbegu ya kiume ni chavua, wala si mbegu. Mkulima anayesema kwamba mwanamume hupanda mbegu ameisahau elimu ya shamba lake mwenyewe.

Kosa hili si la Waluo wala la Waswahili peke yao. Neno la Kigiriki ambalo limezaa istilahi ya seli za kiume katika lugha nyingi za Ulaya nalo lina maana ya mbegu. Mwaka 1677 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alizitazama seli hizo kwa lenzi zake akaona zikiogelea; mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichora mtu mdogo amejikunja ndani ya kichwa cha seli moja, kana kwamba mtoto mzima yumo humo akingoja mahali pa kukulia. Yai la mnyama anyonyeshaye halikutambuliwa hadi mwaka 1827, alipolieleza Karl Ernst von Baer. Na ilipofika mwaka 1876, Oscar Hertwig alionyesha, kwa kutumia mayai ya mnyama wa baharini, kwamba kiini cha seli ya kiume na kiini cha yai huungana kuwa kimoja. Wataalamu wa Ulaya nao, basi, walichukua karibu miaka 200 tangu Leeuwenhoek kuuona ushirika huo.

Katika makala hii nitaendelea kutumia mbegu ya kiume na yai, kwa kuwa ndiyo maneno yaliyozoeleka, na gameti kwa kuzitaja zote mbili pamoja. Msomaji akumbuke tu kwamba kila moja ni nusu.

Nusu ya nini? Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, ambazo ni nyuzi zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Kromosomu hizo zimo katika jozi 23. Katika kila jozi moja ilitoka kwa mama na ya pili kwa baba. Seli ya ngozi inapogawanyika, hunakili kromosomu zote kwanza, kisha kila seli mpya hupata 46 kamili. Mgawanyiko huo huitwa mitosisi. Lau gameti zingeundwa hivyo, mtoto angekuwa na kromosomu 92 na mjukuu 184. Kwa hiyo gameti huundwa kwa njia nyingine, meiosisi, ambamo seli hunakili kromosomu zake mara moja lakini hugawanyika mara mbili, na mwisho wake ni seli yenye kromosomu 23 tu.

Kinachotokea katikati ndicho chenye uzito. Kabla ya mgawanyiko wa kwanza, kromosomu ya mama na mwenzake ya baba hukaribiana, hulaliana, na kubadilishana vipande. Kisha hutengana, moja huku na moja kule, na mwelekeo wa jozi moja hauamui mwelekeo wa jozi nyingine. Kwa jozi 23, njia za kuzigawa zinafika 8,388,608, bila hata kuhesabu vile vipande vilivyobadilishwa. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani kama sarafu. Hakuna mzazi anayeweza kuchagua ni nusu ipi atakayoitoa.

Kwa mwanamume kazi hii huanza anapobalehe, na huweza kuendelea hadi uzeeni. Ndani ya korodani mna vijirija vyembamba vilivyojikunja, na kwenye kuta zake mna seli asilia zinazojigawa mchana na usiku. Kila seli inayoingia katika meiosisi hutoa seli nne zinazolingana. Hizo huwa za mviringo kwanza. Polepole hupoteza sehemu kubwa ya ute wake, kiini hubanwa kikawa kichwa, mkia huota, na vinu vidogo vya kutoa nguvu hujipanga shingoni. Kichwani huwekwa kifuko cha vimeng'enya vya kutobolea utando wa yai. Safari hii huchukua takriban siku 64 hadi 74, kisha mbegu hukaa kama majuma mawili katika mrija ulio nyuma ya korodani, ambako ndiko zinakojifunza kuogelea. Idadi yake ni makumi ya mamilioni kwa siku. Korodani huning'inia nje ya tumbo kwa sababu kazi hii hutaka ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Homa kali, kama ile ya malaria, huweza kupunguza mbegu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Hapa naomba niseme jambo la pembeni. Lugha yetu ina tasa, na neno hilo huelekezwa kwa mwanamke au kwa mnyama jike. Ina mgumba, ambalo kamusi humruhusu nalo mwanamume, lakini sikioni mwa wengi ni mwanamke anayesikika. Hanithi ni asiyeweza tendo, ambalo ni jambo jingine kabisa. Mwanamume huweza kuwa na nguvu zake zote na mbegu zisiwepo. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, kasoro ya upande wa mwanamume imo, ama peke yake ama pamoja na ya mwanamke. Neno la kila siku la kumtaja mwanamume huyo hatujalizoea.

Habari za yai ni tofauti, na kwangu mimi ni za kustaajabisha zaidi. Seli zitakazokuwa mayai huonekana kwa mara ya kwanza mimba ikiwa ya majuma matatu hivi, tena nje ya mahali pake, ukutani mwa kifuko cha kiini kilicho kando ya kiinitete. Kutoka huko husafiri hadi mahali ambapo ovari zitajengwa. Huko huongezeka upesi, na mimba ikifika miezi mitano, kijusi cha kike huwa na seli za mayai milioni sita hadi saba. Baada ya hapo hazizidi tena, hupungua tu. Msichana huzaliwa na milioni moja au mbili, huvunja ungo akiwa amebakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 au 500.

Seli hizo huanza meiosisi msichana akiwa bado tumboni mwa mama yake. Hunakili kromosomu, huzilaza pamoja, hubadilishana vipande, kisha husimama. Husimama hivyo miaka kumi na mitano, ishirini, arobaini. Maana yake ni kwamba yai ambalo msomaji alitokana nalo liliundwa mama yake alipokuwa tumboni mwa nyanya yake. Katika jamii inayohesabu ukoo kwa upande wa baba, kama ilivyo kwa Waluo na kwa Wakuria wa Migori, hili ni jambo la kutafakariwa.

Kila mwezi, baada ya kuvunja ungo, homoni kutoka tezi iliyo chini ya ubongo huamsha vifuko kadhaa katika ovari. Kwa kawaida kimoja huwapita wenzake. Homoni ya kupevusha inapopanda ghafla, yai lililolala huamka na kuumaliza mgawanyiko wa kwanza. Lakini halijigawi sawasawa. Seli moja huchukua karibu ute wote, na ya pili huwa kijichembe kidogo kilichobeba kromosomu zake na kisicho na chakula, ambacho hufa. Yai huanza mgawanyiko wa pili, husimama tena, na katika hali hiyo hutoka ovarini. Mgawanyiko huo wa pili hukamilika tu ikiwa mbegu ya kiume imeingia. Lisipoipata, yai hufa baada ya siku moja hivi, likiwa halijamaliza kupevuka. Upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na mtu mwenye macho makali angeweza kuliona kama ncha ya sindano. Chakula na vinu vya nguvu vya siku za mwanzo za mimba hutoka kwake. Ni ajabu kwamba chembe hii ndiyo iliyosahauliwa na sitiari.

Sasa turudi kwa mama yetu. Wekundu wa damu hutokana na hemoglobini, ambayo hubeba hewa ya oksijeni. Jeni ya sehemu moja ya hemoglobini imo katika kromosomu ya 11. Herufi moja tu ya urithi ikibadilika mahali maalumu katika jeni hiyo, hutokea hemoglobini ya aina nyingine, ambayo inapokosa oksijeni hujipanga kwa vijiti na kuikunja seli nyekundu ikawa na umbo la mundu. Ndiyo asili ya jina selimundu, na ni jina zuri kwa watu wanaojua mundu ni nini. Tuiite jeni ya kawaida A na iliyobadilika S. Mwenye A kwa wazazi wote wawili ni AA. Mwenye moja ya kila aina ni AS, na kwa kawaida huishi bila hata kujua. Mwenye SS ndiye mgonjwa: seli zilizokunjwa huziba mishipa midogo, mifupa huuma, na damu hupungua. Dalili hungoja hadi karibu miezi sita, kwa kuwa mtoto huzaliwa na hemoglobini ya tumboni inayomkinga kwa muda. Hapo ndipo vidole huvimba.

Kwa nini ugonjwa huu umekithiri kando ya ziwa? Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alikusanya damu za Wakenya mwaka 1949. Aliwakuta wenye AS wakizidi asilimia 20 katika jamii za pwani na za kando ya ziwa, na chini ya asilimia 1 katika nyanda za juu. Palipokuwa na mbu wa malaria, hapo S ilikuwapo. Mwaka 1954 alichapisha habari za wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea kuambukizwa malaria, 15 wakiwa na jeni ya S na 15 wasiokuwa nayo. Kati ya wasiokuwa nayo, 14 walipatikana na vimelea katika damu; kati ya wenye nayo, wawili tu. Msomaji wa leo hawezi kuisoma habari hiyo bila kujiuliza watu hao walielezwa nini, na kwa lugha gani. Lakini walichokionyesha kimesimama hadi leo: mtoto mwenye AS hukingwa dhidi ya malaria kali, huishi, huzaa, na S husafiri pamoja naye. Ikumbukwe kwamba kinga hiyo si ya mwenye SS. Kwake malaria ni hatari ya kufisha. Kati ya mwaka 2018 na 2020 watoto 246 wenye selimundu walishiriki Homa Bay katika utafiti wa kulinganisha dawa za kuwakinga na malaria.

Katika korodani za mwanamume mwenye AS, meiosisi hutoa mbegu za aina mbili kwa idadi sawa: nusu zina A, nusu zina S. Mbegu yenye S haiogelei polepole wala haina alama yoyote. Katika ovari ya mwanamke mwenye AS, huenda S ikabaki ndani ya yai, na huenda ikatupwa pamoja na kile kijichembe. Wakikutana wawili wa namna hii, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS, mbili katika nne za kuwa AS, na moja ya kuwa AA. Nasisitiza kila mimba. Nimewasikia watu, tena wenye elimu, wakisema kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu watakaofuata watakuwa salama. Sivyo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana.

Ilikuwa mtoto aliyebaki alipolazwa ndipo daktari alipomwita baba mdogo naye apimwe. Matokeo yalikuwa AS. Mke mdogo, AS. Baadaye mke mkubwa, kwa hiari yake mwenyewe, alipima akapatikana kuwa AA. Hoja ya mashtaka ikageuka yote. Watoto sita wenye afya hawakuwa ushahidi kwamba mbegu ya baba haina kasoro. Walikuwa ushahidi kwamba mama yao hakuwa na S ya kukutana na ile ya baba. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba kimyakimya. Na kwa mke mdogo, baba alileta nusu ya ugonjwa na mama akaleta nusu nyingine, wala hakuna aliyeichagua.

Nilipojaribu kumweleza baba mdogo haya, sikufaulu kwa maneno ya kitabu. Kromosomu na meiosisi vilimpita. Nilichukua punje za mahindi meupe na ya manjano, nikamwambia achomoe mbili gizani, moja kutoka mfuko wake na moja kutoka mfuko wa mkewe, kila mfuko ukiwa na rangi zote mbili kwa idadi sawa. Alichomoa mara nyingi, akizipanga mezani. Mwishowe aliuliza, "Kwa hiyo mimi nami nilitoa?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba, ulitoa." Hakusema neno jingine jioni hiyo.

Alikwenda kwao na wazee wawili kuomba radhi, na mama akarudi. Mtoto hupelekwa kliniki kila mwezi. Hunywa vidonge vya foliki, dawa ya kuzuia malaria na haidroksiyurea, na hulala ndani ya chandarua. Msimu uliofuata walipanda kwa zamu ileile ya zamani, mke mkubwa kwanza. Binti wa mke mkubwa, ambaye ni wa tatu kuzaliwa, alipimwa mwaka huu kwa kuwa anatarajia kuolewa. Ni AS. Mchumba wake, mvuvi wa Mbita, alikuwa bado hajapimwa nilipokuwa nikiandika makala hii.